Mkono Unaovuma

Sifa kwa Bwana, wapendwa! Amina yenu ni ya kinyonge, lakini nitaipokea hivyo hivyo. Mimi ni Mama Neema, muuza viazi karai wa hapa Kombani. Mnaniona nimesimama mbele yenu. Ndugu zangu, ni ajabu!

Figo zangu zilikufa zote mbili. Mara mbili kila wiki hulazwa kando ya mashine inayonisafisha damu. Madaktari waliupasua mkono wangu wa kushoto wakaunganisha mishipa, ili damu ipite kwa nguvu na sindano zipate pa kuingilia. Tangu hapo mkono huu unavuma. Ukiweka kiganja juu yake, unausikia ukitetema kutwa kucha.

Ndugu zangu, msinione nawachekea. Sindano zile ni nene, na huingia karibu na palepale zilipoingia juzi. Maji yakishavutwa mwilini, mashavu ya miguu hukazana, nami hulia mbele za watu bila haya. Baridi hunitetemesha, na nje jua la Kwale linawaka. Nikirudi nyumbani nina kiu, na maji ya kunywa napimiwa! Niliomba, Bwana, niondolee maumivu haya. Hayakuondoka. Siku ya kwenda hospitali nikawaambia wanangu, siendi tena.

Ndipo akaja shangazi yangu kutoka Kinango. Shangazi si mtu wa kanisa. Hupunga pepo, na kwa kazi hiyo anajulikana. Aliposikia mkono unavuma, akakata shauri kwamba umeingiliwa na pepo. Akatoa utepe wa kitambaa cheusi cha kaniki aukaze mkono mpaka pepo anyamaze.

Sasa sikilizeni. Sista wa hospitali alikuwa amenionya: mkono huo usifungwe hata kwa mkanda wa saa, kwani mshipa utakufa, na mashine haitapata njia. Nilijua! Lakini nilimnyooshea mkono. Nilitaka sindano ziishe, hata kama nami nitaisha.

Shangazi akaweka kiganja mkononi ajue pepo alipo. Kiganja cha pili akakiweka kifuani pangu. Akafumba macho. Akakaa. Akakaa sana, ndugu zangu! Kisha nikaona utepe umeanguka mkekani.

“Mwanangu,” akasema, “huyu si pepo. Kinachopita huku ndicho kinachopiga huku. Mimi nimefunga pepo wengi, lakini moyo wa mtu siufungi. Mwenye kuupiga simjui.”

Mimi mwimba kwaya nimeuchukia mtetemo ule, kumbe ni moyo wangu unapita mkononi. Mimi nimeukataa uhai, na moyo unapiga tu! Nilipiga magoti nikalia. Shangazi akaniinua akanipeleka hospitali mwenyewe, akinisuta njia nzima kwa ukaidi wangu.

Sindano ziliniuma siku ile. Zimeniuma na jana, sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Nilichofunguliwa ni ile hamu ya kufa, nayo haijarudi. Asante, Yesu!

Wewe uliyechoka, weka kiganja kifuani pako. Umeusikia? Hukuuamuru. Mtegemee anayeuamuru.

Shangazi hajaokoka. Lakini jana, tukitoka hospitali, aliniuliza: “Huyo mwenye kuupiga, nyinyi mwamwitaje?” Leo ameketi pale nyuma, mwenye leso ya kijani. Ndugu zangu, tumwimbieni jina hilo.