Apolinaria Kashindye na Mwaka Mvua Ilipokatika

Padri, wazee wetu, mama zangu, shikamooni. Mimi Anselm, mdogo wake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake, naomba mnisikilize hadi mwisho, na asiondoke mtu.

Dada yetu Apolinaria Kashindye alizaliwa tarehe 12 Machi 1919 hapa nje ya Itetemia, mtoto wa kwanza wa mzee Bernardo Kashindye na mama Pelagia, akatembea kama watoto wengine hadi mwaka 1922, homa kali ilipomshika siku tisa, na ilipomwacha, miguu yake haikusimama tena. Wapo waliomshauri baba akamwache porini, naye akawajibu, "Ana jina, amebatizwa, hatupwi," na tangu 1929 hadi 1932 alimbeba mgongoni kila asubuhi kwenda shule ya misheni, akajua kusoma na kuandika.

Mwaka 1936 fundi Omari wa mjini Tabora alimfundisha kushona kwa cherehani ya mkono, na wengi mlioketi hapa mmevaa nguo alizozishona yeye. Tarehe 7 Septemba 1940 alifunga ndoa na Sylvester Masele, kibarua wa reli, ingawa shangazi zake Sylvester walikataa kugusa chakula cha harusi, na mwaka 1943 wakajaliwa binti, Imakulata, ambaye mnamwona hapa karibu na jeneza.

Mvua ilipokatika Januari mwaka huu na mahindi yakanyauka, maneno yalianzia kisimani: "Asiyekanyaga ardhi ndiye aliyeifunga mvua." Marehemu alipoyasikia alicheka, akasema, "Mimi nafunga vifungo tu," lakini kicheko kiliisha siku wateja walipokuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, bila kumsalimia, na kesho yake hakuna mtoto aliyeruhusiwa kucheza na Imakulata. Sylvester alikwenda kushitaki kwa jumbe, akaambiwa asubiri mvua.

Tarehe 21 Februari 1949, alasiri, Sylvester akiwa kazini, mlango wao ulifungwa kamba kwa nje na paa la nyasi likawashwa. Marehemu alijikokota, akamsukuma mtoto nje kupitia kidirisha, akabaki ndani hadi Tatu, mke wa fundi Omari, aliyekuja kufuata nguo, alipoikata kamba. Alifariki hospitalini tarehe 23, saa tatu asubuhi, akili zake zikiwa timamu, na kwa kuwa alizisikia sauti nyuma ya ukuta, alitutajia majina matatu.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, vibarua wenzake Sylvester, Tatu ambaye mikono yake bado ina bandeji, na majirani walioleta maji. Majina yale yako katika karatasi hii, kesho asubuhi inakwenda bomani, leo sitayasoma. Sasa tutatia udongo mmoja mmoja, na Imakulata, ambaye naye alizisikia sauti zile, atasimama kando ya kaburi nikiwa nimemshika mkono, amtazame kila mtu usoni.

Dada Apolinaria, pumzika, amani ikupokee huko, maana huku kwetu haijafika.