Kagendo Rukaria na Majina Mia Mbili na Kumi na Mawili

Marehemu Kagendo Rukaria alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1961, huko Nkubu, Meru, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee M'Rukaria, karani wa kiwanda cha kahawa, na Mama Kaburo. Tarehe kumi na mbili Oktoba ndiyo siku ambayo Kolumbasi, mwaka 1492, alishuka kwenye ufuo wa watu wengine akajiona amefika. Marehemu alipokuja kulijua hilo, alimlaumu mama yake kwamba angeweza kujizuia hata saa chache. Mama Kaburo, mwanamke asiyepoteza maneno, alimjibu, "Nilikuwa na kazi nyingine siku hiyo."

Ugomvi wake na historia ya Amerika ya Kaskazini ulianzia hapo. Uliendelea mpaka Jumanne ya tarehe 12 Agosti mwaka huu wa 2025, alipotutoka akiwa na daftari lenye majina mia mbili na kumi na mawili ya watu wa huko, ambayo aliapa kuyasimulia yote kabla hajafa. Alibakiza matatu. Wanaomfahamu wanajua kwamba hayo matatu yalimuudhi kuliko kifo chenyewe.

Shule ya msingi alisoma Nkubu kuanzia 1968, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1975. Alipokuwa kidato cha pili, mtihani uliuliza ni nani aliyegundua Amerika. Aliandika: "Waliokuwa wakiishi huko." Akanyimwa alama moja. Mtu mwenye akili timamu huiacha alama moja iende zake. Marehemu aliifuata kwa mihula miwili, kwa mwalimu wa historia, kwa mwalimu wa zamu, hadi kwa mkuu wa shule, ambaye mwishowe alimpa alama yake pamoja na adhabu ya kufagia ukumbi. Alifagia akiimba. Mwaka 1981 alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilipofanya chuo kifungwe, alirudi Nkubu na kitabu kinene cha maktaba kuhusu historia ya Amerika ya Kaskazini. Alikisoma mara tatu. Alihitimu mwaka 1985. Kitabu bado kiko nyumbani kwake Kensington, Johannesburg. Wenyewe wakikitaka, waje na mtu wa kukibeba.

Alifunga ndoa na Bwana Kip Mosonik, mfanyakazi wa benki kutoka Kericho, Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 1989. Siku hiyo aliichagua mwenyewe, kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu wa Boston, mwaka 1773, walimwaga majani ya chai baharini kwa hasira ya kodi ya Mwingereza. Alisimama na shela lake mbele ya ukoo mzima wa wakulima wa chai akaisimulia habari hiyo kama salamu za bibi harusi. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Makasha mangapi?"

"Mia tatu arobaini na mawili, baba."

"Majani mazuri?"

"Mazuri."

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. "Kip," akasema, "huyu umuoe haraka. Akibaki huru ni hatari." Na ndoa ikadumu miaka thelathini na mitano.

Mwaka 1996 benki ilimhamishia Bwana Kip Johannesburg, wakapanga nyumba Kensington, na mwaka 1998 wakajaliwa binti, Fiona. Marehemu alifundisha historia shuleni na kuandika tasnifu ya udaktari katika chuo kikuu huko Braamfontein kwa miaka mitano. Ikabaki sura moja. Mwaka 2003 aliiacha, bila kugombana na mtu, na hakuirudia. Wasomi walisema amepotea. Ukweli ni kwamba alikuwa amepata darasa lingine, ambalo wanafunzi wake hawangeweza kutoroka.

Darasa hilo lilikuwa saluni ya Murielle, pale Yeoville. Murielle ni mama wa Bukavu, na vidole vyake vina sifa kutoka Yeoville mpaka Berea. Marehemu alikuwa akisukwa Jumamosi moja, karatasi zake mapajani, Murielle akamuuliza, "Mama, hii kitabu unaandikaka miaka yote, inasemaka nini?"

"Habari za watu wa Amerika ya Kaskazini."

"Batu gani?"

"Kuna mmoja alikuwa msusi kama wewe."

Mkono wa Murielle ulisimama hewani na nyuzi zake. "Mususi? Mu kitabu?"

Basi marehemu akamsimulia Viola Desmond wa Halifax, Kanada, mama Mweusi aliyekuwa na saluni na shule ya urembo. Mwaka 1946 gari lake liliharibika safarini, akaingia sinema kupoteza muda, akakaa viti vya chini kwa kuwa macho yake hayakuona mbali. Viti hivyo vilikuwa vya Wazungu. Alipoambiwa apande juu hakupanda. Walimburuta nje, akalala mahabusu, na mahakama ikamtia hatiani kwa tofauti ya kodi ya tiketi: senti moja.

"Senti moja?" Murielle aliuliza.

"Senti moja."

"Na hakutoka?"

"Walimtoa. Yeye hakutoka."

Mteja wa kiti cha pili akasema, "Bon. Endelea, mama. Kichwa yangu iko bado na saa ine."

Ndivyo utaratibu ulivyozaliwa. Jina moja, kichwa kimoja: marehemu alianza fundo la kwanza likifungwa, akamaliza ncha za rasta zikichovywa kwenye maji ya moto. Mtu aliyeishi maisha mafupi alisimuliwa kwenye msuko wa haraka wa twende kilioni. Mtu kama Harriet Tubman, aliyetorosha watumwa wenzake, alihitaji rasta nyembamba za mpaka kiunoni, na aliyesukwa siku hiyo alitoka na shingo iliyokakamaa na machozi. Kusinzia kulikuwa marufuku. Wanaume walianza kuja kunyolewa nywele ambazo hawakuwa nazo.

Lililomfanya aape ni kosa, na kosa hilo wana-Yeoville wanalijua. Viola alikuwa kipenzi cha saluni, na marehemu hakuzoea kumwita vingine ila "dada yetu Viola". Mwaka 2010 aliwaletea habari kwamba serikali ya Nova Scotia imemwomba Viola msamaha. Saluni ikapiga vigelegele. Kisha Jumamosi ya tarehe 12 Februari 2011 akaja amevaa nguo nyeusi, akasema kwa masikitiko kwamba dada yetu Viola alifia New York, mbali na kwao, tarehe saba mwezi wa pili. Mwaka hakuutaja. Kesho yake kanisani likatoka tangazo la msiba.

Jumapili alasiri Bwana Kip alirudi kutoka mlangoni akiwa amepauka. "Kagendo, kuna watu ishirini na saba nje. Wana viti na sufuria."

Hakumaliza kusema, Maman Masika, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa ameshaingia na kumkumbatia. "Pole, shemeji. Pole sana. Kifo haina huruma."

"Asante, mama," alisema Bwana Kip, mtu wa adabu, kisha akauliza polepole, "Nani amekufa?"

Marehemu alitoka jikoni akaona sebule imejaa, wanawake wamefunga vitenge kiunoni, wimbo umeshaanza. Angeweza kunyamaza. Alinyoosha mkono wimbo ukome, akasema, "Jamani, Viola alifariki mwaka sitini na tano."



"Sitini na tano ya zamani?" Maman Masika aliuliza.

"Ya zamani, mama."

"Lakini mwaka jana ulisema balimuomba musamaha!"

"Walimwomba akiwa kaburini."

Maman Masika alitazama sufuria lake la sombe, kisamvu cha kwao, akamtazama Bwana Kip, akavuta kiti akaketi. "Serikali yote iko vile," akasema. "Sasa balete masahani. Tumechelewa, lakini tumefika."

Walimlilia Viola mpaka saa kumi na mbili. Wakati wa kuosha vyombo, marehemu alimwambia mumewe kwamba hakuna mtahini wa chuo chochote duniani ambaye angeleta sombe. Kisha akachukua daftari, akahesabu majina, akaapa kwamba kila mmoja humo atapata watu wa kumkalia matanga, hata kama amechelewa miaka mia nne.

Februari 2022 madaktari walisema figo zake zimekwisha. Akaandikiwa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Siku ya kwanza aliingia wadini, akawaona wagonjwa kumi na wawili wamefungwa kwa mirija, hawawezi kwenda popote, na kwa mara ya kwanza tangu apewe ile habari mbaya, akatabasamu. Majina yaliyobaki yalikuwa arobaini na moja. Alipiga mstari chini ya la mwisho ili asijidanganye kwa kuongeza mengine, akaanza.

Gradi, kijana wa Uvira anayelinda mlango wa wadi, alitumwa amnyamazishe. Wiki ya pili alikuwa mkalimani wake wa Kizulu. Alipowasimulia jinsi Wacheroki, wenyeji wa Amerika, walivyofukuzwa kwao mwaka 1838 wakatembea mamia ya maili wakifa njiani, presha za wagonjwa watano zilipanda kwa pamoja, na daktari akamsihi asimulie zile tu zenye mwisho mwema.

"Daktari," alisema, "hapo utakuwa umenifunga mdomo kabisa."

Bwana Kip alimbembeleza apumzike. Fiona, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hukijibu kwa lugha za Johannesburg, alijikaza siku moja akakitumia: "Eish, Mama, wewe umechoka. Hao watu wamekufa tayari. Watangoja."

"Wamengoja vya kutosha," marehemu alimjibu. "Na wewe kumbe unaongea vizuri hivyo? Miaka yote umenificha?" Fiona alicheka, kisha akalia, na mama yake akamwacha alie.

Mara ya mwisho kufika saluni ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Agosti. Alishikwa mikono miwili kutoka kwenye gari. Jina la siku hiyo lilikuwa Dubu Aliyesimama, chifu wa Waponka, waliohamishwa kwa nguvu kutoka mto Niobrara. Mwanawe alipokuwa akifa ugenini aliomba azikwe kwao, na baba, katika baridi ya Januari 1879, akauchukua mwili akaanza safari. Wanajeshi walimkamata njiani. Ilibidi kwanza mahakama ya Omaha iamue kama Mhindi Mwekundu ni mtu mbele ya sheria. Iliamua kwamba ni mtu, naye akaenda akamzika mwanawe.

Hapo saluni hakuna ambaye hajachangia maiti kurudi Goma, Kigoma au Kisii. Murielle aliacha kusuka. Ndipo Maman Masika akauliza kile ambacho wengine walikiogopa: "Na weye, mama? Tukupeleke Meru?"

"Dubu Aliyesimama alikatazwa kuchagua," alisema marehemu. "Mimi nimechagua. Nizikeni hapa. Meru nitakutana na kaka zangu, na wao hawajawahi kunisikiliza." Kaka zake wako hapa leo, wamekubali, na wamesikiliza.

Jumanne ya tarehe 12 Agosti, saa tano kasorobo asubuhi, akiwa katika saa ya tatu ya mashine, moyo wake ulisimama. Alikuwa ameanza habari za Yanga, mtumwa aliyetorokea milima ya Veracruz, Meksiko, akapigana na Wahispania mpaka watu wake wakapewa mji wao. Daftari lilikuwa wazi mapajani. Gradi alilidaka kabla halijaanguka, akaweka kidole kwenye ukurasa, na hakukitoa mpaka Bwana Kip alipofika dakika arobaini baadaye.

Ndani ya jalada kulikuwa na karatasi, mwandiko wake, tarehe 4 Agosti. Inasema kwamba akitangulia kabla ya majina kuisha, siku ya mazishi chakula kisipakuliwe mpaka yaishe. Gradi atammalizia Yanga. Murielle atamsimulia Mary Ann Shadd, mwanamke Mweusi aliyeanzisha gazeti lake Kanada mwaka 1853. Na Sequoyah, Mcheroki asiyejua kusoma lugha yoyote aliyekaa miaka akiibunia lugha yake herufi hata watu wake wakaandikiana barua, atasimuliwa na Fiona, kwa Kiswahili. Wapishi wameonyeshwa karatasi hiyo. Mifuniko imefungwa kwa kamba.

Marehemu ameacha mume, Bwana Kip Mosonik, binti, Fiona, kaka watatu na dada wawili, Murielle na saluni yake, wagonjwa tisa wa wadi walio hai, na darasa la Jumamosi ambalo halijawahi kuhesabika. Mungu ampe pumziko lenye amani, lakini baada ya kazi, maana kabla ya hapo hatalipokea.

Fiona, mama, sogea mbele utusimulie Sequoyah. Sema polepole, ukikwama tutakungoja. Anza.