Chaka la Zigmas

Mvua ya Septemba ilikatika alfajiri, na benchi la mbele ya duka la kijiji, huku Dzūkija kwenye misitu ya Lithuania, lilishapata wenyewe. Kazys, fundi redio aliyebandikwa jina la Profesa, alikuwa akimimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Bronius, yaani Jenerali, kwa kuwa ujanani alilinda geti la kambi ya jeshi, alishaanza ubishi. Zigmas pekee hakuwa na raha. Jana msituni aliona uyoga asioujua, akaupiga picha kwa simu ili programu impe jina lake. Sasa alijiuliza: je, programu imelijua chaka lake la uyoga? Chaka la uyoga huku hata mkwe haonyeshwi.

— Ulibonyeza “Nakubali”? Profesa aliuliza.

— Si nilitaka jina la uyoga!

— Basi umepigwa, mzee mwenzangu. Leseni ya bure hiyo. Hutoi senti, unatoa siri zako.

— Kesho utawakuta Waitaliano, wale wanunuzi wa uyoga, chakani na mabasi, Jenerali alidakia.

— Mabasi? Helikopta! Profesa aliongeza.

— Mimi, Jenerali alijigamba, simu naifunga kwenye karatasi ya alumini ya kuokea samaki, halafu naingia msituni kinyumenyume. Setelaiti inadhani natoka.

— Ndiyo maana unarudi na kapu tupu.

— Mficha uchi hazai!

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Kinyumenyume.

Zigmas hakucheka. Mama yake alimpeleka chakani vuli ya mwisho kabla ya kufariki, akimwegemea bega, akamwapisha asimwambie mtu. Akamkabidhi Profesa simu.

— Hebu niangalizie, ndugu yangu.

Profesa alivaa miwani, akaichokonoa simu.

— Masharti ya leseni, umekubali. Matangazo, umekubali, Mungu akusaidie. Mahali ulipo... Zigmas, hapa umekataa!

— Nimekataa?

— Imekuuliza uko wapi, ukabonyeza “Hapana”.

— Ahaa! Mtu akiniuliza msituni niko wapi, mimi simjibu. Mkono umeshazoea!

Furaha ilimpanda Zigmas kichwani. Akasimama, akajipiga kifua.

— Hawaniwezi! Wana mashine, wana setelaiti, lakini hawatajua kamwe kwamba ukivuka kijito cha pale kwenye kinu cha kusagia unga kilichoungua, kwenye misonobari mitatu iliyoegemeana, ndipo penye uyoga wangu!

— Watajulia wapi! Jenerali alishangilia.

Mama mmoja mgeni, aliyeshuka kwenye basi la asubuhi na kapu lake, akawasogelea kwa adabu.

— Samahanini, wazee wangu. Nikishavuka hicho kijito, hiyo misonobari iko kulia au kushoto?

Zigmas alitamani ardhi ipasuke. Jenerali akainamia viatu vyake. Profesa aliinua chupa awaongezee wenzake kahawa, ikawa imekwisha.