Maisha ya Kasilda Ntirampeba, Aliyefundisha Umeme wa Jua Mutaho na Giteranyi

Baba Paroko, viongozi wa komine, majirani zetu wa Mutaho, na ninyi mliotoka Muyinga na Giteranyi kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Nazario, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa mengine kati ya haya aliniagiza mwenyewe akiwa kitandani, akanikataza kuyapamba.

Dada yetu Kasilda Ntirampeba alizaliwa tarehe 6 Juni 1976 ukimbizini nchini Tanzania, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Kastori na marehemu Mama Gaudensia, waliokimbia kutoka hapa Mutaho mwaka 1972. Alianza darasa la kwanza hukohuko Mishamo mwaka 1984, akamaliza la saba mwaka 1990, na ingawa hesabu alizimudu kuliko sisi wote nyumbani, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akashika jembe kama wenzake.

Mwaka 1993 alikwenda Mpanda mjini kwa Mzee Damiano, fundi wa kuchaji na kufufua betri, akapokelewa kama mfagiaji, lakini haikupita miezi mingi akawa anapima betri, na mwaka uliofuata alikuwa anazifungua mwenyewe, anamwaga asidi, anayeyusha madini ya risasi katika sufuria kuukuu na kuyamimina upya, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka kumi na tano, mikono mitupu, bila hata kitambaa puani, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ule moshi ni sumu.

Tarehe 23 Agosti 1997 alifunga ndoa takatifu huko Mishamo na shemeji yetu Leonardi Barampama, mkulima, wakajaliwa watoto watatu, Jovina aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1998, Eliud aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2002, na kitinda mimba wetu Pili, aliyezaliwa hapa Mutaho tarehe 30 Januari 2010, miezi minane baada ya familia kurudi Burundi.

Miaka ile ya kwanza ya kurudi, Kasilda alilima maharage na mihogo, na watu wengi hawakujua kwamba ana ufundi wowote, mpaka mwaka 2012, shule moja ya jirani ilipokaa gizani miezi mitano, paneli zikiwa nzima juu ya paa na mafundi waliozifunga hawaonekani tena. Kasilda aliomba ngazi. Shemeji Leonardi, ambaye ameniruhusu nilisome hili, alimwambia, "Mama Jovina, wewe ni mke wa mtu, watu watakuonaje juu ya paa?" naye akamjibu, "Wataniona nafanya kazi," akapanda, akakuta waya umeliwa na kutu kwenye kiungo, akaukata, akaufunga upya, na taa zikawaka siku hiyohiyo.

Kutokana na hilo watu walianza kumletea vijana awafundishe, na mwezi Februari 2014, katika chumba alichoazimwa na parokia, alianza na wanafunzi sita, wa kwanza akiwa Fredi, ambaye wakati huo alikuwa akisukuma baiskeli za ndizi mpaka Gitega. Mwaka 2018 aliitwa Giteranyi, ambako shule na vituo vya afya vilikuwa vinawekewa paneli na hapakuwa na mtu wa kuzitunza, akapanga chumba huko, akawa anafundisha Giteranyi siku tatu na Mwakiro siku mbili, na kurudi hapa nyumbani mara mbili kwa mwezi. Hadi anaugua, alikuwa amewafundisha watu sabini na mmoja, ishirini na watatu kati yao wakiwa wasichana, na wengi wao leo wanakula kwa kazi hiyo.

Darasani kwake hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kufungua betri, na aliyeuliza alijibiwa tu, "Hiyo niachie mimi." Habari za Mzee Damiano zilikuwa zimemfikia, jinsi alivyokufa akitetemeka mikono na kuwasahau watoto wake, kwa hiyo alijua. Lakini wakulima waliomletea betri zilizokufa hawakuwa na uwezo wa kununua mpya, naye akaendelea kuzifufua peke yake nyuma ya nyumba, na hapo sisi familia hatuna la kujitetea, kwa maana tulimwona, tukanyamaza, na hata taa zetu ziliwaka kwa betri hizo.

Mwaka 2023 waajiri walianza kudai vyeti vinavyotambuliwa, na Kasilda akaambiwa kwamba hawezi tena kuwatilia saini wanafunzi wake, kwa kuwa yeye mwenyewe hana diplome, ana darasa la saba la Tanzania. Aliposikia kwamba watu waliojifunzia kazini wanaweza kufanyiwa mtihani mjini Gitega, alijiandikisha, na tarehe 20 Agosti 2024, miguu ikiwa imeshaanza kuvimba, alikaa kwenye benchi moja na watano kati ya wanafunzi wake. Mmoja wa watahini watatu alikuwa Fredi, aliyekuwa ameshasoma akapata shahada, naye akasimama mbele ya wenzake akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi, mimi siwezi kumpa maksi," akatoka nje. Wale wawili waliobaki walimpa alama zote za vitendo. Mtihani wa maandishi ulikuwa wa Kifaransa, lugha ambayo Kasilda hakuwahi kufundishwa.

Majibu yalitoka tarehe 25 Oktoba, wanafunzi wake wanne wakafaulu, yeye akaanguka. Akiwa kitandani hospitalini aliniambia, "Nazario, usije ukasimama mbele ya watu ukasema nilifaulu, soma hivyo hivyo, nilianguka." Nimesoma, dada. Wala sitasema kwamba hakuumia, kwa maana alilia siku mbili, na siku ya tatu akapanda basi kurudi Giteranyi, kwa kuwa kulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja aliowaanzisha mwezi Septemba.

Tarehe 18 Novemba 2024 alikuwa Muyinga mjini, katika duka la Bwana Bashizi, mfanyabiashara kutoka Kongo aliyekuwa akimuuzia nyaya, akakaa chini na kushindwa kuinuka, na Bashizi akamwambia, "Maman Kasilda, we iko mgonjwa sana, leo mi sikuuzishe kitu, tuende kwanza ku opitali," akafunga duka, akampeleka. Madaktari walikuta figo zimeharibika, wakamuuliza kazi zake tangu ujana, na damu iliyopimwa Bujumbura ikaonyesha madini ya risasi. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama wanafunzi waliokuwa wakipita karibu naye akifungua betri nao wameathirika, daktari akasema hawezi kumhakikishia, basi akamwagiza Jovina aandike majina yote sabini na moja na kumpigia simu kila mmoja akapimwe. Wapo ambao hatujawapata hadi leo.

Mwezi Februari tulimhamishia Gitega, awe karibu na nyumbani, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa mikononi mwa Leonardi na Jovina, alikata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, miezi tisa na siku tano. Ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Wale kumi na mmoja wa Giteranyi wamekaa pale kushoto, wamefika nusu ya masomo yao, na tangu juzi wanatuuliza ni nani atakayewamalizia. Vijana wetu, familia hatuna jibu, na hatutaki kuwadanganya mbele ya jeneza lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Muyinga, Bujumbura na Gitega, waliomhudumia bila kumchoka, tunamshukuru Bwana Bashizi, majirani mliotupikia na kulala nasi siku zote hizi, mafundi wenzake wa Mwakiro na Giteranyi, na wewe Fredi, uliyechimba kaburi hili kwa mikono yako ukakataa kupokewa jembe.

Kasilda, dada yetu, hatukukuambia ulipokuwa hai kwamba inatosha, tunakuambia leo, inatosha, pumzika kwa amani.