Grafu ya Mvua ya Gladwell

Benchi letu hapa Ruiri liko mbele ya kibanda cha chai cha Karambu. Jumamosi hiyo Winrose, mpwa wangu anayesoma chuo, alikuwa ameketi katikati yetu, kompyuta mapajani. Kulia alikuwa Njagi, tunayemwita Daktari kwa sababu anauza dawa za ng'ombe. Kushoto, Mutegi fundi wa simu, tunayemwita Setilaiti. Ofisi ya wadi ilitaka grafu ya mvua ya mwaka jana kabla ya kuamua kama tutapewa mbegu za msaada. Kipima mvua cha kijiji kiko uani kwangu, na mke wangu Gladwell, Mungu amrehemu, ndiye aliyekisoma kila asubuhi. Alipolazwa hospitalini nilikaa naye huko mpaka akafariki. Hakuna aliyepima tena mpaka baada ya mazishi.

Winrose aliandika amri chache, akabonyeza. Mstari wa buluu ukatokea.

— Ngai! Njagi akasema. Hiyo ni mvua ya wapi? Mbona miezi ya njaa inaonekana tulilowa?

— Hapo hakuna vipimo, mzee, Winrose akamjibu. Hii programu ya kuchora inachukua nukta ya mwisho, inaiunganisha na inayofuata.

— Weka sufuri tumalize, akasema Mutegi.

— Sufuri ni kusema tulipima tukakuta kavu. Hatukupima.

— Basi chora nguzo badala ya mstari, Mutegi akasema. Nguzo haziunganishwi.

Winrose akabadilisha neno moja. Nguzo zikasimama, katikati pakabaki pengo.

— Sasa ofisini watasema tulilala, Njagi akalalamika.

— Hiyo kompyuta imeshikwa kwa mtandao! Mutegi akasema. Kule Timau wenye mashamba ya maua wana mashine ya kuvuta mawingu. Sasa wanaficha ushahidi.

— Kompyuta ya mtoto wa chuo ishikwe na maua? Njagi akamcheka. Wee Setilaiti, kunywa chai.

Niliweka kikombe chini.

— Chini ya grafu kuna jina la Gladwell, nikawaambia. Sitamtia marehemu uongo mdomoni. Kama ni sufuri, mtu aape mbele ya Mungu kwamba ni sufuri.

— Mimi naapa, akasema Njagi. Mahindi yangu yalikauka yakinifika magotini.

— Usiape, Daktari, Mutegi akamkatiza. Siku ya mazishi kulinyesha. Viatu vyangu vilijaa matope.

— Matope ya tangi, bana! Wapishi walimwaga maji.

— Kulinyesha! Mimi ndiye nilimshikia pasta mwavuli.

— Mwavuli wa jua!

Lorna, mwalimu aliyehamia hapa mwaka huu, alikuwa amesimama akingoja mandazi yake. Akanigeukia.

— Pole, mzee. Wewe ndiye ulisimama kaburini. Kulinyesha ama hakukunyesha?

Karambu akaacha kumimina chai. Nilitafuta moyoni. Nyimbo nazikumbuka. Uso wake naukumbuka, na konzi ya udongo niliyomtupia. Kama ule udongo ulikuwa mkavu ama umelowa mkononi mwangu, hilo sikulipata.

Winrose alinitazama, vidole vikiwa juu ya kompyuta.

— Acha wazi, nikamwambia.

— Na mbegu, mjomba?

Nilikiinua kikombe changu. Njagi, ambaye hana hata punje ya kupanda, aliinuka akaenda bila kuniaga.