Veniamin Stepanovich Ognev na Mkunjo wa Nne wa Utepe

Veniamin Stepanovich Ognev alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 mjini Kungur, mtoto wa pili wa fundi viatu Stepan na mkewe Efrosinia. Baba hakurudi kutoka vitani. Mama aliwalea peke yake, yeye na kaka yake Rodion.

Alisoma Kungur hadi 1958, kisha chuo cha ufundi Perm, akaajiriwa kiwandani kama mkaguzi wa vipimo. Jicho hilohilo alilipeleka kwenye sarafu za Kisovieti. Kila Jumapili, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, watu walipanga foleni mezani kwake. Alihesabu mikunjo ya utepe unaofunga masuke ya ngano katika nembo ya taifa, akachunguza tarakimu na ukingo, kisha akatamka kama sarafu ni adimu na ina thamani gani.

"Bibi Klavdia, hii si adimu, imechakaa tu."

"Venya, una roho ya barafu! Nami nimeshanunua keki ya kusherehekea!"

"Basi tuile leo, nayo isije ikachakaa."

Alimwoa Taisia tarehe 7 Juni 1969, wakaishi pamoja hadi Taisia alipofariki mwaka 2015.

Ukali wake kwa sarafu zilizochakaa ulikuwa na chanzo, naye aliagiza kisomwe leo mazishini pake. Binti yake, Nonna, alikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Tarehe 22 Oktoba 1974 mama yao alikuwa mahututi hospitalini, akimwita Rodion. Muuguzi alimwambia Veniamin, "Mpigie kaka yako sasa hivi." Rodion, dereva wa treni, alikuwa katika bweni la madereva, karibu kuanza safari. Simu ya mtaani ilipokea sarafu ya kopeki mbili tu, wala haikuirudisha. Veniamin alikuwa na moja. Aliitazama: utepe una mikunjo mitatu badala ya minne. Hakuwahi kuona aina hiyo. Hakutaka kuipoteza, akaanza kuomba nyingine kwa wapita njia.

"Na hiyo uliyoshika ni kifungo cha koti?" mmoja akamcheka.

Alipopata nyingine, zilikuwa zimepita dakika ishirini. Bwenini wakamjibu, "Rodion? Katoka sasa hivi." Mama alifariki jioni ile.

Baada ya mazishi aliiweka sarafu chini ya kioo cha kukuzia. Mkunjo wa nne ulikuwepo, umesuguliwa na vidole vya watu. Thamani yake ilikuwa kopeki mbili.

Agosti mwaka huu, saratani ya tumbo ilipomlaza, alimweleza Rodion.

"Miaka arobaini na saba, Venya! Unanimiminia chai na kunyamaza!"

"Nilitaka uendelee kuja, kaka."

Rodion alivaa kofia yake akatoka. Hakurudi wodini. Kila mlango ulipofunguliwa, Veniamin aligeuza kichwa.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2021, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha binti, Nonna, mjukuu, Platon, na kaka, Rodion Stepanovich, ambaye hadi kurasa hizi zinapigwa chapa hajajibu kama atakuja.

Veniamin apewe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.