Karatasi ya Likizo ya Binti wa Fundi

Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa nyumba yangu, chini ya dirisha la sebuleni, na mguu wake mmoja tumeuwekea tofali. Mwenye birika la kahawa ni mimi, kwa hiyo msiniambie nasikiliza ya watu. Watu ndio wanaokuja kuyasema masikioni mwangu. Wa kudumu ni watatu. Yupo Muhuri, mstaafu wa ofisini, miaka thelathini aligonga mihuri kwenye barua za wenzake, na mpaka leo hapokei kikombe bila kukikagua kitako. Yupo Profesa, kinyozi wa hapo ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Na yupo Fundi, mshona nguo, mtu mpole, futi yake ya kupimia shingoni kutwa kucha. Jumamosi hiyo, mchana, Fundi alikuja roho juu, kashika karatasi iliyokunjwa mara nne, na kopo la vifungo kwapani. Jumatatu yake shule zilikuwa zinafunguliwa.

— Jamani, nimekwisha, Fundi akasema, hata hajakaa.

— Umekwisha vipi na miguu unayo? Profesa akamjibu. Kaa, Bibi akumiminie.

— Karatasi ya binti yangu hii. Walipewa siku ya kufunga shule. Shughuli tano rahisi za kufanya nyumbani na mzazi. Mwezi mzima ilikuwa chini ya cherehani, nimeiona leo natafuta bobini.

— Na mama yake je?

— Si yuko kwao anauguza.

Hilo tulilijua. Mkewe aliondoka likizo ilipoanza, na kila jioni anapiga simu kuuliza kama wanafanya zile kazi za shule. Kila jioni Fundi anajibu, "Tunaendelea vizuri." Sikuambiwa na mtu; Fundi akishika simu hupiga kelele mpaka vikombe vyangu vinatikisika.

— Na si karatasi tu, Fundi akaendelea. Mwalimu kaandika hapa chini, Jumatatu atakaa na kila mtoto amsikilize. Wangu darasa la pili keshalirudia mara moja. Asipokuwa na la kueleza, analirudia tena. Wenzake wote la tatu, yeye kabaki na watoto wanaomfika kiunoni. Mtoto kaniambia mwenyewe, "Baba, wakinibakiza tena, mimi siendi."

Profesa akaacha kupuliza kahawa yake. Hata mimi nilitua birika.

— Lete hapa, Muhuri akasema, akavaa miwani. Akaigeuza karatasi nyuma na mbele, akaitazama kwenye jua. Haina namba ya kumbukumbu.

— Mzee, ni karatasi ya mtoto.

— Ndiyo maana mtoto karudia darasa.

Akasoma kwa sauti. Ya kwanza, kupanga vitu vya nyumbani kwa rangi na ukubwa. Ya pili, kupima kitu kwa viganja vya mtoto. Ya tatu, kusoma maneno matano yaliyoandikwa barabarani. Ya nne, kuchora nyumba na watu wanaoishi humo. Ya tano, hadithi.

— Hii nayo ni shule? Profesa akacheka. Mimi naona mnahangaika bure. Tatizo la watoto wa leo ni nywele.

— Nywele?

— Fundi, nimeshika vichwa tangu wewe unatambaa. Elimu inaingilia utosini. Mtoto ukimwacha na nywele nzito likizo nzima, elimu inafika pale juu inanasa. Shule zikifunguliwa mnasema kasahau. Hajasahau kitu! Imo kwenye nywele. Siku namnyoa, ndiyo hiyo naifagia.

— Kwa hiyo elimu yote ya mtaa huu imo kwenye pipa lako la taka? nikamuuliza.

— Bibi, wewe mimina.

— Nywele si hoja, Muhuri akasema. Likizo inaharibika kwa kukosa utaratibu. Mlangoni liwekwe daftari la mahudhurio, mtoto akiamka anasaini. Saa mbili kikao, ajenda ziwe tatu. Akitaka kwenda kucheza aandike barua, ijibiwe ndani ya siku kumi na nne za kazi.

— Likizo yenyewe ina wiki nne, mzee.

— Ndiyo maana maombi yaje mapema.

Fundi alikuwa anasokota ncha ya futi kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

— Mnisaidie, jamani. Leo ni leo.

— Tatizo liko wapi? Muhuri akachomoa kalamu mfuko wa shati. Fomu ni fomu. Ikijazwa vizuri, nani ataikataa? Vifungo unavyo. Vimwage hapo.

Basi vifungo vikamwagwa kwenye benchi, na wanaume watatu wenye ndevu wakavipigia magoti. Nawaambieni, harusi nimehudhuria, misiba nimehudhuria, lakini sijapata kuwaona hawa wamekuwa makini namna ile. Vyeupe huku, vyeusi huku, vya matundu mawili mbali na vya matundu manne. Kahawa ilipoa.

— Hiki ni chekundu, Profesa akasema.

— Hicho ni kahawia, Fundi akamjibu. Kilitoka kwenye koti la mchungaji.

— Koti la mchungaji lingekuwa na kifungo chekundu?

— Ndiyo nakwambia ni kahawia!

— Basi mtoto wako atafelishwa na macho yako.

Walikwenda nacho juani, wakakirudisha kivulini. Mwisho Muhuri akakiundia kundi lake peke yake, akaandika "Vinginevyo".

Kupima kwa viganja ndiko kulikozua vita. Kwa kiganja cha Profesa benchi lilikuwa kumi na tatu. Kwa cha Muhuri, kumi na sita na nusu.

— Una kiganja cha paka wewe, Profesa akamwambia.

— Wewe unavuta. Nimekuona ukivuta.

— Si kimeandikwa hapo kiganja cha mtoto? nikasema mimi, maana nilikuwa nimemsikia akikisoma.

Wakanitazama kama niliyemwaga maziwa.

— Bibi, mtoto kiganja chake kidogo, Muhuri akanifafanulia taratibu. Tukipima kwa hicho, benchi litaonekana refu kupita kiasi. Mwalimu atashuku.

Wakajumlisha, wakagawa, ikaandikwa kumi na nne na robo tatu. Robo tatu ya kiganja! Nilitaka kuuliza ni vidole vingapi, nikaona ninyamaze nifaidi.

Maneno matano ya barabarani Profesa aliyataka yote yatoke kwenye ubao wa kibanda chake. "Kunyoa", "ndevu", "watoto", "wazee", "karibuni". Muhuri akapinga, akasema hilo ni tangazo la biashara. Wakaafikiana matatu yawe ya Profesa na mawili ya ukuta wa choo cha soko, "marufuku" na "hapa".

Ikaja ya nne. Muhuri ana mkono mzuri wa kuchora, huo simnyimi. Akaweka kasha la miwani yake kama rula, ukuta ukasimama, paa likakaa.

— Madirisha mangapi?

— Mawili, Fundi akasema. Ngoja. La jikoni ni dirisha au ni tundu?

— Nakuuliza wewe mwenye nyumba.

— Andika mawili.

— Binti nimchore urefu gani?

Hapo Fundi akashika futi shingoni, akaiachia, akashika tena. Mtu huyu kiuno cha mke wa mwenye duka anakijua kwa kichwa, na kile cha dada yake mwenye duka, na anajua nani kanenepa kabla mume wake hajajua. Naye ndiye anayeniambia.

— Sare yake ya mwaka jana nilikata mabega inchi kumi na moja, akasema. Mwaka huu mama yake alishusha pindo mwenyewe.

— Basi nimweke usawa wa kitasa cha mlango.

— Mweke.

— Anacheka au hacheki?

— Wewe mchore tu, mzee.

— Na yeye sasa hivi yuko wapi? nikamuuliza Fundi.

— Nyumbani. Alitaka kuja, nimemwambia atulie na binamu zake, asinisumbue. Baba anafanya kazi yake ya shule.

Alisema hivyo bila kucheka, na hakuna aliyecheka ila mimi, nikajifanya kahawa imenipalia.

Hadithi nayo wakaigombania. Profesa alitaka ile ya siku aliyomnyoa bwana mkubwa mmoja upande mmoja, umeme ukakatika, bwana akaenda kuhutubia vile vile. Kila akiisimulia yule bwana anapanda cheo. Siku hiyo alifika kuwa balozi. Muhuri alitaka ya faili lililopotea miaka tisa likakutwa limewekwa mlangoni kuuzuia usipigwe na upepo. Wakaziunganisha. Balozi mwenye nusu kichwa akawa anatafuta faili. Muhuri akaiandika kwa herufi za mlazo, zimepinda zote upande mmoja, akaweka tarehe na kupiga mstari chini mara mbili.

— Akipewa huyu mtoto darasa la tatu tu, itakuwa dhuluma, Profesa akasema, kainyoosha karatasi mbele yake kama kioo. Hii ni kazi ya la saba.

— La nane, Muhuri akasema.

Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza toka afike. Akakunywa ile kahawa ya baridi yote kwa mkupuo.

Ndipo akapita dada mmoja, mkoba begani, pindo la sketi limefumuka kaliweka pini.

— Shikamooni wazee. Shikamoo Bibi. Nimemkosa Fundi kibandani, wakaniambia yuko hapa.

— Marahaba. Fundi ndiye mimi.

Akaanza kuonyesha pindo, kisha macho yake yakaiona karatasi mkononi mwa Profesa.

— Hiyo si karatasi ya wanafunzi wangu?

Fundi akasimama. Hakuwa amemwona mwalimu huyo hata siku moja. Shuleni huenda mkewe. Akataja jina la binti, sauti imeshuka.

— Ah, wewe ndiye baba yake! Mwalimu akafurahi kweli. Naweza kuona?

Akapewa. Akasoma yote, taratibu, mpaka balozi. Muhuri alikaa wima. Profesa akajifuta nywele za wateja mabegani.

— Imepangwa vizuri sana, mwalimu akasema. Sijapata kuona kundi la "Vinginevyo".

— Ni kawaida, Muhuri akasema.

— Mimi karatasi hizi sizipi alama, baba. Nazitaka ili Jumatatu mtoto awe na cha kunieleza. Wako anaogopa kuongea mbele ya watu, lakini akifika kwenye kitu anachokipenda anafunguka. Kwa hiyo nisaidie, nianzie hapo. Katika hizi tano, yeye alifurahia ipi?

Fundi akashika futi. Akamtazama Muhuri. Muhuri akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Profesa, ambaye tangu nimfahamu hajakosa jibu la kitu, aliona mteja kibandani kwake ambako hakukuwa na mtu.

— Vifungo, Fundi akasema mwishowe.

— Alikuambia hivyo?

Fundi akakishika kile kifungo cha mchungaji, akakirudisha kwenye kundi lake. 

Mwalimu hakumkaripia. Ingekuwa mimi ningemkaripia. Alifungua mkoba, akatoa karatasi nyingine, tupu, akampa Fundi zote mbili.

— Jumatatu bado haijafika, akasema. Na pindo langu lingoje, si haba hii pini.

— Ilete hapa haraka, Profesa akanyoosha mkono, sasa tumeshazoea, nusu saa tu...

Fundi akaikunja ile tupu akaitia kifuani, ndani ya shati. Ile iliyojaa akamwachia Muhuri. Kisha akaweka kopo ukingoni mwa benchi na kwa mkono mmoja akavikumba vifungo vyote humo, vyeupe, vyeusi, vya matundu mawili, vya matundu manne, na kile cha mchungaji.

— Mpangilio! Muhuri akapiga ukelele. Saa mbili nzima zile!

— Atapanga mwenyewe, Fundi akasema, na alikuwa ameshavuka barabara, kopo likilia kila hatua.

Muhuri akanigeukia mimi, macho yamemtoka.

— Bila orodha? Ataanzia wapi?

Nikamwambia ainue miguu, nafagia.